Tupeane uzoefu: "run out of" na kuishiwa kwetu

Mleta mada:
Wakuu, tuweke hapa makosa yanayosikika kila siku kwenye "run out of" na namna ya kuyanyoosha. Naanza na lile ninaloliona ndilo mama wa mengine. Kiswahili tunasema "nimeishiwa sukari", na kuishiwa ni kauli ya kutendewa. Mtu akihamia Kiingereza anaibeba kauli hiyo hiyo, anatoka na "I am run out of sugar" au "I was run out of sugar". Zote mbili si sahihi. Kiingereza kinamfanya mtu kuwa mtendaji: "I have run out of sugar".

Ukitaka sukari ikae mbele, kama tunavyosema "sukari imeisha", basi "the sugar has run out", na "of" inaondoka. Kitu kikiwa kimeshatajwa, "of" haina kazi pia. Mtu akiuliza "Is there any sugar?", jibu ni "No, we've run out". Lakini kwenye swali inabaki mwishoni: "What have you run out of?" Wengi wanaidondosha hapo.

Mchangiaji wa 2:
Umesema kweli. Naongeza umbo la kitenzi: run, ran, run. Jana ni "we ran out". Kwa -me- ni "we have run out", siyo "we have ran out". Chanzo cha kosa ni sikio: kwetu "run" na "ran" zote zinasikika kwa "a" ile ile, hivyo mtu anaandika anachokisikia. Kumbuka tu kwamba baada ya have, has au had inarudi "u".

Halafu "we are running out of gas" maana yake gesi bado ipo, ila mtungi umeshakuwa mwepesi. Jiko likishazima, sema "we have run out". Na hapo kwenye gesi pana mtego mwingine. Kwa Mmarekani "gas" ni petroli, kwa hiyo "we ran out of gas" atakuona umekwama barabarani na gari. Taja "cooking gas" na yatakwisha.

Mchangiaji wa 3:
Wanaofanya kazi duka la dawa wasome hapa kwa makini. Pasipoti, viza, bima na mkataba vinaweza "run out" kwa maana ya muda kwisha: "My passport runs out in June". Dawa haziendi hivyo. "The medicine has run out" ni kwamba stoo hamna hata kidonge. Dawa iliyopitwa na tarehe ni "the medicine has expired". Ukizichanganya, mgeni ataelewa aagize nyingine wakati ulitaka kumwambia asimeze alizo nazo. Hilo ni kosa la kuumiza mtu.

Mchangiaji wa 4:
Mtaani "jamaa ameishiwa" inatosha, kila mtu anajua ni fedha. Kiingereza "he has run out" haitoshi, msikilizaji anasubiri umtajie kitu. Sema "he has run out of money", au "he's broke". Na "nimeishiwa maneno" kwa sababu ya mshangao au uchungu ni "I'm speechless". Ila "run out of patience" inakaa sawasawa na kuishiwa uvumilivu, itumieni bila wasiwasi.

Mchangiaji wa 5:
Je, "the sugar is over" ni sawa, mwalimu? Nasikia sana.

Mchangiaji wa 2:
Hapana, dada. "Over" ni ya tukio: mechi, mkutano, mvua. "The sugar is finished" inaeleweka, ingawa "has run out" ndiyo inayotoka kinywani kwa wenye lugha. Na ukitaka kumtaja aliyemaliza, badili kitenzi: "The children have used up the sugar". Usijaribu "the children ran out the sugar".

Mchangiaji wa 6:
Neno dogo linalofuata likibadilika, maana yote inahama. "He ran out on his family" ni kwamba aliitelekeza familia yake. "He ran out of the house" ni alitoka nyumbani mbio, nyumba haijaisha. Angalieni kilichopo baada ya "of": kama ni mahali pa kutokea, ni mbio, kama ni kitu cha kutumika, ni kuishiwa.

Mleta mada:
Na bando je? Na LUKU?

Mchangiaji wa 3:
Bando ni kama dawa. MB zikiisha, "I've run out of data". Siku zikipita na MB bado zimo, "my bundle has expired". Ukimpigia huduma kwa wateja, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua wanakusaidia nini.

LUKU ikiisha, "we've run out of units". Lakini umeme ukikatika mtaa mzima, usiseme "the electricity has run out". Sema "there's a power cut", maana hapo hata ukinunua uniti 100, taa haziwaki.