Msimulizi asiyeaminika si kibali cha mwandishi kutuchezea shere

Ndugu wasomaji, nimemaliza sehemu ya pili ya riwaya ya fantasia ya giza ambayo sehemu yake ya kwanza niliipigia debe kwa kila aliyenisikiliza, na hasira niliyo nayo haitazimwa na lile jibu la "hukuielewa".

Katika sehemu ya kwanza, mganga anayesimulia kwa nafsi ya kwanza anamzika dada yake kwa mikono yake mwenyewe, na tunaelezwa hadi jinsi udongo ulivyomwingia kwenye kidonda cha kiganja cha kushoto. Sehemu ya pili inapoanza, dada huyo yuko mezani anakula, kovu limehamia kiganja cha kulia, na hakuna mhusika hata mmoja anayeshtuka. Nilivumilia zaidi ya kurasa 300 nikiamini kwamba kila mkanganyo ulitegwa kwa makusudi, kumbe sura ya mwisho inatupa aya moja tu: kumbukumbu za mganga zilifutwa kwa uchawi. Basi, hadithi imekwisha!

Huo ni uvivu uliovishwa joho la ufundi. Mhakiki Wayne C. Booth, aliyeipa jina mwaka 1961 dhana ya msimulizi asiyeaminika, yaani yule ambaye masimulizi yake hayawezi kutegemewa, alimpima msimulizi wa namna hiyo kwa umbali ulioko kati ya kauli zake na misimamo ya kazi yenyewe; sasa kazi isiyo na msimamo wowote tuipime kwa kigezo gani? Katika riwaya ya upelelezi The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1926, msimulizi anatutajia kwamba barua iliingizwa chumbani saa tatu kasoro dakika 20 usiku, naye akaondoka saa tatu kasoro dakika 10. Dakika 10 za katikati anazipitia juu juu, na ukirudi nyuma baada ya kuujua ukweli kuhusu mauaji, unazikuta palepale zikikusubiri. Hapo msomaji amezidiwa ujanja kwa haki.

Wala msinijibu kwamba fantasia ya giza sharti imwache msomaji gizani, kwa maana giza la riwaya hizi ni la uovu wa ulimwengu wake na wa nafsi za watu wake, si la mpangilio wa matukio. Aliyeisoma na akakuta hata dalili moja ya ufutaji huo kabla ya sura ya mwisho, anitajie sura na aya.