Mazembe 2010 mnaiita bahati mpaka lini? Nimechoka!

Ndugu zangu, leo sinyamazi. Jana nimepanda teksi kutoka mtaa wetu wa Kenya kwenda mjini, redio inaongea, mtangazaji anasema bila haya kwamba Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, Kongo, kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 "ilikuwa bahati tu". Mtu wa hapa hapa Lubumbashi! Angekuwa shabiki wa wapinzani wetu, klabu ya Vita kule Kinshasa, ningemwelewa.

Bahati gani? Mwaka 2009 tulikwenda kwenye kombe hilo Abu Dhabi tukiwa mabingwa wa Afrika. Pohang ya Korea tuliitangulia kwa bao, ikatugeuzia 2-1. Auckland City nao wakatufunga 3-2. Mwaka ule hiyo bahati ilikuwa imelala wapi? Vijana walirudi mazoezini, wakachukua tena kombe la Afrika: fainali tukaifunga Espérance ya Tunisia tano bila hapa kwetu, 1-1 kwao. Najua mtaniletea ile kadi nyekundu. Sawa, hapa walibaki kumi. Kule Tunisia walianza kumi na moja, mbele ya watu wao, na bado hawakutushinda.

Tena Mputu hakuwepo! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana hakuna anayelitaja. Trésor Mputu, mchezaji wetu mkubwa, FIFA ilikuwa imemfungia. Tukaenda tena Abu Dhabi bila yeye. Bedi akaifunga Pachuca ya Meksiko, 1-0.

Halafu tarehe 14 Desemba, Internacional ya Brazili, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Niliitazama mtaa wa Kamalondo kwa baba mdogo, tumebanana sebuleni, wengine wamesimama dirishani nje. Wabrazili walishambulia, kipa wetu Kidiaba akazuia, wakarudi, akazuia tena. Kipa akizuia mara moja, semeni bahati. Akizuia mechi nzima, hiyo ni kazi yake, anaijua. Dakika ya 53 Kabangu akautuliza mpira, akaupinda mpaka wavuni. Dakika ya 85 Kaluyituka akamchezesha beki, akapiga chini, mbili bila. Kidiaba akaanza kurukaruka kwa makalio, na baba mdogo, mtu ambaye hata msibani sikuwahi kumwona akilia, akafunika uso kwa kofia yake.

Mnasema: mbona Inter Milan iliwafunga 3-0 kwenye fainali? Inter ile ya Eto'o, iliyobeba ubingwa wa Italia, kombe la Italia na kombe la Ulaya mwaka mmoja! Kufungwa na hao kunafutaje ushindi wa siku nne kabla? Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kucheza fainali ile. Kocha Lamine N'Diaye aliwafundisha wale vijana kungoja, kubana katikati, kisha kutoka mbio. Kila mwenye macho aliona.

Kipindi kile kitarudi hewani kesho, na nitapiga simu. Nataka yule bwana anitajie dakika moja tu, kati ya zile tisini za Internacional, ambayo bahati ilicheza badala ya wachezaji wetu.