Mnyama gani anaua kuku usiku bila kuvunja mlango?

Mfugaji wa Mvomero: Habari zenu, wafugaji wenzangu. Ninafuga kuku wa kienyeji katika banda la mabanzi lililoezekwa bati. Wiki hii nimekuta mitetea wawili wameuawa usiku, mmoja ameliwa kichwa na kifua na mwili umeachwa palepale, ilhali komeo la mlango halijaguswa. Mchana nako vifaranga wanapungua bila kuacha hata unyoya. Majirani wananishauri nitege nyama yenye sumu. Nifanyeje?

Mama Vifaranga: Ndugu yangu, nakusihi usitege sumu. Mbwa wa jirani ataila, paka ataila, na kuku wako wenyewe, ambao hudonoa kila kitu, watadonoa mabaki yake. Hata mtoto anayecheza uani hatakuwa salama. Huyo wa usiku namshuku kanu, yule mnyama mdogo wa porini anayefanana na paka, kwa kuwa ni hodari wa kupanda na hupenya popote kichwa chake kinapopita. Achana na mlango, ukague pale bati linapokutana na ukuta, maana wafugaji wengi huziba chini wakasahau juu. Tumia wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi, uubane kwa vipande vya mbao na misumari. Ule wavu laini wa kuku huwazuia kuku wasitoke, lakini mnyama mwenye meno huurarua.

Mzee wa Tenga: Wa mchana ni mwewe au nguchiro, na kuku wenyewe watakwambia ni yupi. Mwewe akipita juu, jogoo hutoa mlio mmoja mwembamba, wa kurefuka, na vifaranga hukimbilia vichakani. Akija mnyama wa ardhini, jogoo hulia kwa kukatakata bila kukoma. Kwa vyovyote vile, mfunike mama na vifaranga wake kwa tenga, ukiwapa maji na chakula humo humo, hadi wafikishe wiki 6 au 8.

Mfugaji wa Mvomero: Nashukuru sana. Nimekagua juu na kukuta pengo la kupitisha ngumi, na manyoya ya kijivu yamenasa kwenye banzi. Sumu nimeiacha. Je, chini nako nizibe?

Mama Vifaranga: Ndiyo, kwa sababu nyegere na kicheche huchimba. Fukia wavu sentimita 30 kuzunguka banda, kisha nyunyiza majivu kando ya ukuta jioni. Asubuhi utaona nyayo za aliyejaribu kuingia na upande aliotokea.