Mafundi wa pawasoo Mombasa, si kila mashine ikizima ni kabureta!

Jamani nimechoka, na leo nasema. Mafundi wa pawasoo, hii misumeno ya injini, hapa Mombasa mnatumaliza! Mtu akileta mashine inayozimazima, hata kifuniko cha tangi hamjafungua, tayari mshasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, lete pesa.

Yangu ni Husqvarna 268, ya zamani lakini chuma kweli. Inawaka vizuri, inakata kidogo, halafu mlio unapanda wenyewe bila kuongeza mafuta, kisha kimya. Tangi likifika nusu ndiyo kabisa, na ukiilaza ubavu haikai. Nikaipeleka kwa fundi, duka lake silitaji. Hakuuliza inazima wakati gani. Akafunga kabureta mpya ya bei rahisi, akachukua maelfu yangu, na ile ya asili hata hakunirudishia. Nikarudi nayo Likoni, kuna mwembe umeangukia ukuta wa mteja, na tawi la pili halijaisha imezima vilevile! Mteja ananitazama mimi, si fundi.

Nikaifungua mwenyewe. Ukitumia kipande cha waya kilichopindwa ncha unaivuta filta ya petroli kupitia mdomo wa tangi. Filta nyeusi tii. Paipu ya mpira inayopeleka petroli imekakamaa kama makaroni mabichi, na nilipoikunja, nyufa zikafunguka upande wa ndani, karibu na pale inapopenya ukuta wa tangi. Petroli ikipungua, ule ufa unabaki juu ya mafuta na paipu inavuta hewa. Kwa nje haionekani kitu, lazima uivute. Sasa kabureta mpya ingesaidia nini hapo?

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: mashine hizi hazina oili nyingine ya injini, inakuja ndani ya petroli. Ukichanganya 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, ni mililita 20 tu kwa lita. Petroli ikikosa, oili nayo imekosa. Ule mlio wa juu ni injini inayochomeka, na ukiendelea kukata, pistoni inakwaruzika na silinda imekwenda. Fundi anajua hilo, au anapaswa kulijua, na bado ananiambia "nenda kakate, iko sawa".

Kupima hakutaki vyombo vya ajabu. Ikizima, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia ikifyonza hewa "fyuu", kisha ikawaka, tundu la kupumulia tangi limeziba, basi. Toa plagi uitazame: kavu maana yake petroli haifiki, imelowa maana yake utafute kwingine. Hata kabureta yenyewe ikiwa na shida, mara nyingi katika mashine kongwe ni diaframu, utando mwembamba wa ndani, iliyokauka kwa petroli iliyolala humo miezi, na ule utando ndio pampu. Badilisha diaframu na gasketi, safisha kichujio kidogo cha ndani, kazi imekwisha. Mbona mnatuuzia kabureta nzima?

Nataka kabureta yangu ya asili irudi, na kesho nakwenda kuidai.

Wadau, nani anajua panapouzwa paipu halisi ya mafuta, Mwembe Tayari au Kongowea, isiwe hii ya plastiki inayoyeyuka kwa petroli? Nitumieni inboksi, mwembe bado uko juu ya ukuta.