Mikwaruzo kwenye plastiki nyeusi ya kung'aa pale penye gia: inatoka au nimeshaumia?

Dada wa Mafinga
Kamwene wakuu. Nina Harrier ya 2014, nilimuuzia mtu shamba la miti nikaichukua kwake. Ndani iko safi, shida ni ile plastiki nyeusi ya kung'aa inayozunguka gia na kupanda hadi chini ya redio. Imejaa mikwaruzo midogo midogo kama utando wa buibui. Kivulini huioni. Balaa ni asubuhi nikitoka Mafinga kwenda Iringa: jua liko mbele, linapenya kioo, linatua pale pale kwenye gia. Mistari yote naisoma.

Chanzo nakijua. Mwezi wa tisa, na vumbi letu lile la kiangazi, nilipeleka gari kuoshwa. Kijana akachukua kitambaa kile kile alichofutia rimu, akapitisha ndani, kikavu. Mimi niko kwenye simu. Kugeuka, ameshamaliza na anatabasamu. Na hela ya soda nikampa.

Halafu mzee wa nyumbani naye akaongeza lake. Kasikia dawa ya meno inatoa mikwaruzo, kaisugua robo saa nzima. Sasa pana kiduara chenye ukungu, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, na gari inanukia minti.

Kuna na mstari mmoja mrefu wa funguo. Huo ni wa kwangu mwenyewe. Nifanyeje?

Mbao Tupu
Tandika kitambaa cha kufuma kama kwenye makochi ya bibi. Kazi imeisha.

Fundi Rangi Mwanjelwa
Dada, pole. Usikimbilie kusugua tena. Pitisha ukucha taratibu juu ya mstari. Ukipita bila kunasa, huo uko juu juu na unatoka kwa polishi. Ukinasa, hiyo ni mfereji. Ule wa funguo nahisi ni mfereji, usihangaike nao leo.

Vumbi la barabarani ni mchanga uliosagika, na ile plastiki ni laini kuliko rangi ya nje ya gari. Ukifuta kikavu unapiga msasa bila kujijua. Huku Mbeya, tangu waanze kuchimba barabara ya njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi, wateja wa shida kama yako nimewapata wengi.

Kwa hiyo vumbi litoke kwanza kabla kitambaa hakijagusa kitu. Chukua brashi mpya ya kupakia rangi, ile yenye nywele laini, pangusa pembeni mwa vitufe. Kisha maji na tone la sabuni, kwenye kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa. Acha pakauke. Zungushia selotepu ya karatasi kwenye vitufe na maungio, maana polishi ikiingia humo inakauka nyeupe na utaichokoa kwa kijiti wiki nzima.

Polishi iwe ile laini ya kumalizia. Ile kali ya kukatia tunayotumia nje baada ya msasa usiiguse. Punje ya harage moja inatosha. Anzia kona isiyoonekana. Sugua kwa vidole viwili, mkono mwepesi, dakika moja, futa, washa tochi ya simu uangalie. Rudia. Usikubali mtu akuletee mashine: plastiki ikipata moto inafifia na hairudi. Petroli na tina ya kuyeyushia rangi ndiyo kabisa usisogeze.

Tukuyu Kwetu
Fundi unamchosha dada wa watu. Mafuta ya nazi kidogo, mistari yote inapotea. Mimi nafanya hivyo kila Jumamosi.

Fundi Rangi Mwanjelwa
Kila Jumamosi, umejijibu mwenyewe. Mafuta yanajaza mistari, hayaitoi. Na vumbi linanasa humo, Jumamosi ijayo unalisugua.

Tukuyu Kwetu
Ndaga, nimekoma.

Dada wa Mafinga
Mrejesho. Jumapili baada ya kanisa nilikaa ndani ya gari saa moja na nusu. Utando wa buibui umeondoka karibu wote, kiduara cha minti kimekubali mzunguko wa nne. Nilibakiza kipande upande wa abiria nilinganishe. Ukivitazama ni kama gari mbili. Wa funguo kweli ukucha unanasa.

Fundi Rangi Mwanjelwa
Safi. Huo tafuta wanaobandika plastiki za kulinda vioo vya simu, wakukatie kipande kipana cha ile laini isiyo na rangi. Mfereji utaonekana kidogo, ila mpya hautaongezeka. Na pa kuoshea, waambie ndani wasiguse.

Dada wa Mafinga
Asante kaka. Brashi inakaa mfuko wa mlangoni. Mzee wa nyumbani kauliza kama ile polishi inafaa kwenye saa yake. Nimeificha.