Naomba ushauri: data za kupauka kwa matumbawe, 1998

Jambo wandugu. Niko Bukavu, naandika TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) ya biolojia juu ya kupauka kwa matumbawe ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, wakati wa El Niño: maji yakipata joto sana, tumbawe hupoteza mwani unaoishi ndani yake na kuwa jeupe. (Ziwa Kivu halina matumbawe, najua, msinicheke.) Nimeshapakua data za joto la bahari za setilaiti za NOAA (shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa), ni za bure. Kipimo chao hujumlisha joto lililozidi kilele cha kawaida cha msimu wa joto ndani ya majuma 12, kwa nyuzi-majuma: kikifika 4, kupauka kunatarajiwa, kikifika 8, vifo pia. Lakini tumbawe lililopauka bado hai, mwani wake ukirudi linaweza kupona, na setilaiti haioni hilo. Hesabu za matumbawe zilizofanywa na wazamiaji miaka ile napata wapi bila kulipa? Na kazi isiyo na tereni (utafiti wa uwandani), ya data za wengine tu, madirekta (walimu wasimamizi) wanaikubali?