Tumemtenga mwenzetu kwenye kikundi na mimi nilinyoosha mkono. Naombeni ushauri

Mama Viazi:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nauza viazi Uyole. Nilihamia Mbeya 2019 kutokea Tanga, simjui mtu. Mwezi wa sita ule baridi ilinipiga nikadhani ni malaria. Aliyenipokea ni jirani, nimwite dada J. Alinipa blanketi na jiko la mkaa, akasema, "Utarudisha ukizoea." Jiko sijarudisha mpaka leo.

Ndiye pia aliyeniingiza kwenye kikundi. Tuko kumi na wanne, mchezo elfu tano kila wiki, mmoja akifiwa tunakwenda wote na sare. Kwangu mimi nisiye na ndugu mji huu, kile kikundi ndio ukoo.

Mwezi uliopita mwenyekiti akasema dada J anamtangaza mtaani kuwa anakula hela za mchezo. Ushahidi hakuna aliyeuliza. Ikapitishwa tumchunie mpaka aombe radhi. Mikono ikaanza kunyooshwa kutoka kulia, ikaja, ikaja, iliponifikia nikanyoosha na mimi.

Juzi kulikuwa na msiba. Dada J kakaa peke yake na beseni la ndizi, anamenya. Sisi tumejazana upande wa pili tunagombania visu vitatu. Nikapita na ndoo ya maji, akaniangalia. Nikajifanya natazama chini nisiteleze.

Usingizi sina. Nikimsalimia nitatolewa, na zamu yangu ya kupokea ni mwezi wa kumi. Nifanyeje?

Mpita Njia:
Kumbe shida ni mwezi wa kumi. Ungesema mapema.

Dada wa Ipogolo:
Mpita Njia, wewe una shangazi kila kata. Mgeni hawazi hela tu, anawaza mtoto akizidiwa saa nane usiku atamgongea nani mlango. Mama Viazi, nakuelewa. Ila huyo wa kugongewa saa nane alikuwa J.

Ticha:
Usijione una roho mbaya kuliko watu wengine. Miaka ya 1950 kule Marekani, Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari waseme upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kabisa, ila waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa wakosee. Robo tatu hivi ya waliopimwa walifuata kosa angalau mara moja. Na hapo walikuwa wageni watupu, hakuna mchezo wala msiba! Lakini akiwepo mtu mmoja tu anayesema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Hebu kumbuka, siku ile nani alinyoosha mkono nusunusu? Anza na huyo.

Babu wa Tukuyu:
Mjukuu, sisi Wanyakyusa zamani kijana wa miaka kama kumi alitoka kwa baba yake akajenga kijiji na marika wenzake. Kula kwa mama, kulala kwao. Monica Wilson, mtafiti aliyekaa Rungwe miaka ya 1930, aliliandika sana neno letu ukwangala, yaani kukaa na wenzio mkala, mkanywa, mkaongea kwa raha. Aliandika pia habari ya pumzi ya watu: wazee waliamini manung'uniko ya majirani humletea mkosaji baridi na homa. Hiyo pumzi ndiyo mnampulizia J. Je, kama hana kosa? Daftari la mchezo nani amelifungua?

Mama Viazi:
Babu, ndaga fijo, asante sana. Daftari analo mwenyekiti mwenyewe, hatujawahi kuliona. Na Ticha, yupo mmoja, mkono wake uliishia begani. Nimempigia sasa hivi. Kanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Na mimi silali." Tunakwenda kwa J kesho jioni. Twende na nini?

Dada wa Ipogolo:
Sukari kilo mbili. Na jiko lake.

Mpita Njia:
Na mkaa.